Zimbabwe Husema Mwisho

Jumatatu, 7 Julai 2025

Leo dunia imeingia darasani kwetu. Imechelewa sana, lakini imeingia.

Aliyeileta ni mwalimu Rwakabuba wa jiografia, ambaye kila Ijumaa hurudi kwake Kakiika na kila Jumatatu hutuletea vumbi la njia nzima kutoka Mbarara. Amesema shule moja ya Biharwe imealika shule nyingine kwenye Mkutano wa Dunia wa Wanafunzi, Jumamosi ya tarehe 19. Kila mwanafunzi atasema kwa niaba ya nchi moja: njaa, hali ya hewa, vita, bei ya mafuta. Sisi wa S3, kidato cha tatu, tutafanya kwanza mkutano wetu darasani, Alhamisi ya wiki ijayo. Wawili watakaofanya vizuri ndio watakaokwenda.

Shule hiyo ina chumba kizima cha vitabu. Mwalimu anasema kuna atlasi kubwa kiasi kwamba hufunguliwa na watu wawili, na wajumbe watapewa saa moja humo ndani. Atlasi yetu ya hapa Nakivale, kambini kwa wakimbizi, imeliwa na mchwa kuanzia Asia.

Kwa hiyo lazima niende. Tatizo ni hilo neno "kusema". Nikisimama mbele ya watu, koo langu hufunga kama duka la Msabato siku ya Jumamosi.

Wakati wa mapumziko nimemuuliza Élyse, mwenzangu wa dawati, anaonaje suala la bahari kupanda. Ameuliza kama itafika hapo Rwekubo. Nimesema haitafika. Amesema basi, akarudi kwenye andazi lake. Hawa ndio ninaosoma nao.

Emery Muhirwa amejipigia debe mwenyewe awe mwenyekiti. Darasa likapiga makofi. Mimi nimeteuliwa katibu kwa sababu ya mwandiko wangu. Hakuna aliyepiga makofi.

Jumanne, 8 Julai

Kazi ya katibu: kugawa nchi ishirini na mbili kwa wanafunzi ishirini na wawili. Mwalimu ametoa sharti moja tu. Mtu asipewe nchi yake. Anasema kila mmoja wetu alikuja hapa amebeba ya kwake, basi kwa siku moja abebe ya mwenzake aone uzito. Nimeona ni maneno mazuri. Nimeyapigia mstari.

Nchi zitasema kwa kufuata alfabeti. Nimejipa Zimbabwe. Hesabu ni hii: nchi ishirini na mbili, dakika tano kila moja, kipindi dakika themanini. Kengele italia tukiwa karibu na Norwe. Zimbabwe itabidi itoe hotuba yake kwa maandishi. Mwalimu ataisoma kwake Kakiika, kwa utulivu, na kugundua kipaji. Nitafika Biharwe bila kufungua mdomo.

Nilikuwa hapo kwenye Z Emery alipopita. Akachukua kitabu changu cha nchi za dunia, kisicho na jalada, akasoma sentensi moja kwa sauti ya askofu, akauliza kama jalada lake nalo lilikimbia vita. Darasa zima likacheka. Hata Élyse. Kisha akaniambia mbele ya wote nimpe Marekani. "Ama Kanada, sha, siringi." Akaondoka na kitabu.

Nimempa Burundi.

Najua sharti. Lakini Emery alitoka Burundi akiwa na miaka sita. Hakumbuki kitu. Si nchi yake sana. Kanada nimempa msichana anayesinzia dawati la nyuma.

Jumatano, 9 Julai

Orodha imekamilika. Nimechora maua pande zote nne. Maua yalichukua nafasi kubwa, kwa hiyo kichwa nimekifupisha: MAJINA NA NCHI. ORODHA YA MWISHO. Mbele ya kila jina nimeweka namba ya usajili wa shule. Nimeomba karani apige muhuri ili Emery asidai kwamba nimebuni mwenyewe. Karani amepiga miwili.

Mwalimu amekwenda semina Mbarara, atarudi Jumatano ijayo. Kabla ya kupanda boda akaniagiza kesho niisome orodha mbele ya darasa. Koo likafunga hapo hapo, siku moja kabla.

Nimepata njia. Wenzangu wote huchota maji asubuhi kwenye bomba moja. Pale kuna ubao wa matangazo wenye wavu wa chuma, mbuzi hawawezi kula kitu. Ofisi ya kambi hubandika karatasi zake hapo. Kulikuwa na nafasi kando ya tangazo la mgao wa sabuni. Nimebandika saa kumi na moja jioni, hakuna aliyeniona. Kila mtu atajisomea, nami sitasoma kitu mbele ya yeyote.

Wakati mwingine najishangaa.

Alhamisi, 10 Julai

Sikutegemea haya. Watu wazima wanasoma orodha yangu!

Saa kumi na mbili asubuhi walikuwa kama arobaini pale bombani. Jerikani zilikuwa zikifurika bila mtu kuzitazama. Kijana mmoja alibebwa mabegani ili asome kwa sauti, na kila nchi ilipokewa kwa kelele. Finland ilipigiwa vigelegele. Mwaka mzima nimejaribu kuwafanya wanafunzi wajali dunia, kumbe wenye kiu ni wazazi.

Bibi Ancilla, ambaye ni bibi yake Élyse, amekuja mpaka nyumbani kuniuliza habari za Norwe, nchi niliyompa mjukuu wake. Wanaanza kulima mwezi gani? Misa ipo? Baridi yake ni kama ya Kabale au inazidi? Nimemweleza saa nzima. Samaki, theluji, jua ambalo miezi mingine halizami kabisa. Aliposikia la jua akakaa chini, akasema basi huko mtu hahangaiki na taa. Nimempa sweta yangu ya kijani ili aonje hali ya hewa. Akalia. Sijawahi kuona mtu akiguswa hivyo na jiografia.

Mwanamume mmoja alinisimamisha njiani akauliza kama Japani wanapokea mtu pamoja na mama mkwe wake. Nimemwambia hilo ni swali zito la sera za uhamiaji. Akasema ni zito kweli, ana kilo tisini.

Emery ameisoma orodha, akanitazama, akaondoka haraka. Ushindi.

Ijumaa, 11 Julai

Nimerudi kutoka shule nikamkuta mama ameketi mlangoni, kitenge kichwani kama wa matanga. Akina mama watatu wa kanisani wako naye. Mmoja akanishika mkono, akanipa pole.

"Weye Constance," mama akasema, "sisi tulimukosea Mungu nini? Benzetu banapewa Ulaya, banapewa Kanada. Sisi banatutupa Zimbabwe. Kule ni fasi gani? Tuko na nani kule?" Akasema baba amekwenda kwa mchungaji kuomba maombi ya siku tatu, nchi ibadilishwe.

Hapo ndipo nilipoelewa.

Ubao ule ndio ofisi hubandikia majina ya familia zinazochukuliwa kwa ndege kwenda kuishi ng'ambo. Karatasi zao huwa na majina, namba, nchi na muhuri. Yangu ina majina, namba, nchi na mihuri miwili. Watu hapa wamengoja karatasi kama hiyo miaka tisa, kumi, kumi na mitano, nami nimewaletea yenye maua.

Nilisema, mama, ni kazi ya shule. Lakini nilisema kwa sauti yangu hii, na wao walikuwa wameshaanza wimbo.

Élyse anasema bibi yake amegawa kuku wote wanne na mkeka. Alimwambia ni mchezo wa darasa. Bibi akamjibu kwamba siri za ofisi watoto hawaambiwi.

Emery hakuja shule leo.

Jumamosi, 12 Julai

Emery alikuja kunichukua nyumbani. Hajawahi kufika mlangoni petu. Hakutania hata mama alipomuuliza kama Burundi wanapokea Wakongo wenye tabia nzuri. Aliniambia tu, wewe ndiye katibu, njoo umwambie baba.

Baba yake, mzee Aloys, alikuwa shambani akiing'oa mihogo. Mihogo michanga, minene kama vidole vyangu. Nusu ya shamba ilikuwa imeshalala chini. Turubai la paa lilikuwa limeshushwa na kukunjwa vizuri. Alikuwa amesoma mwenyewe pale ubaoni: Muhirwa Emery, Burundi. Akasema walipoondoka kwao mwaka 2015 walikuwa saba, waliofika hapa ni watatu, na lori la kuwarudisha huko kwa nguvu halitamkuta ameketi. Mke wake ameshatangulia kwa ndugu yake Biharwe. Jumanne na wao watapanda taksi ya abiria Rwekubo, wakaishi Biharwe bila karatasi. Emery amemwambia mara kumi kwamba ni ya shule. Mzee anasema watoto hudanganywa makusudi ili wawatulize wazazi.

Kisha akanigeukia. Kwa upole kabisa. Akasema, wewe binti ndiye unayesoma sana, watu wote wanasema. Niambie kitu kimoja tu, mwanangu. Muhuri ule ni wa kweli?

Muhuri ni wa kweli. Nikasema ndiyo.

Nilikuwa na sentensi nyingine nyingi za kufuata. Koo likafunga baada ya hiyo moja.

Mzee akashukuru, akarudi kwenye mihogo. Emery alinitazama kwa namna ambayo sitaki kuiandika.

Jumapili, 13 Julai

Nimewaza kwenye mahubiri yote mawili. Kusimama pale bombani na kusema ukweli haiwezekani, mwili wangu haukuumbwa kwa kazi hiyo. Lakini ni karatasi iliyoharibu. Karatasi nyingine itatengeneza.

Nimeandika ORODHA YA MAREKEBISHO. Mabadiliko ni mawili tu. Emery anapata Zimbabwe, mimi nachukua Burundi. Sharti la mwalimu limeheshimiwa, kwa sababu mimi ni Mkongo. Mzee Aloys atapumua. Mwenye hasara ni mimi peke yangu, kwa kuwa B husema mapema. Sijawahi kufanya jambo la kujitoa kiasi hiki.

Karani wa shule anasali na sisi, na muhuri hukaa kwenye mkoba wake. Amepiga baada ya ibada bila kusoma. Nimeibandika ubaoni jioni. Safari hii sikuchora maua, nisije nikawachanganya watu.

Jumatatu, 14 Julai

Sikuwa nimemfikiria mama.

Ameuliza ubao, mbele ya watu wote, sisi ni Barundi tangu lini. Ubao haukujibu. Mchungaji ameongeza siku za maombi kuwa saba. Akina mama wa kanisani sasa ni tisa na wamekuja na sufuria zao. Baba, ambaye huwa hasemi, amesema Zimbabwe ilikuwa afadhali.

Kuna baya kuliko hilo. Watu wameona kwamba orodha inabadilika. Kufikia saa sita kulikuwa na mstari pale bombani, kila mtu na bahasha. Picha, vyeti vya ubatizo, barua za daktari. Yule mwanamume anataka Japani yake ibaki vile vile ila mama mkwe apewe nchi yake mwenyewe, iwe ya mbali. Wanamtafuta mwandishi wa orodha. Wanasema ni Mzungu mmoja wa ofisini mwenye mwandiko mzuri sana.

Nilijisikia vizuri kwa dakika moja hivi.

Emery amekuja mpaka kwenye uzio wa shule. Baba yake ameyasoma marekebisho. Anasema ni ujanja wa kuwatuliza ili lori liwakute ndani. Taksi ni kesho saa tatu asubuhi. Nilingoja Emery anitukane. Aliniambia kwaheri, akasema kitabu changu atakiacha kwa Élyse.

Afadhali angenitukana.

Jumanne, 15 Julai

Nimetoroka shule, mara ya kwanza maishani. Nimetembea mpaka Rwekubo na barua mkononi. Kurasa tatu: utangulizi, sababu nne, hitimisho. Mpango ulikuwa kumpa mzee Aloys kisha kukimbia.

Nikawakuta kando ya taksi. Turubai, sufuria, redio, gunia la mihogo michanga. Emery ameketi juu ya jerikani, anatazama chini. Nikanyoosha barua. Mzee akarudisha mikono yote miwili nyuma, kama mtu anayepewa nyoka. "Karatasi nyingine hapana, mwanangu. Nilizosoma zinatosha."

Konda, Mnyankore mwenye haraka, akagonga bati la gari. "Nyinyi watu ya kambi, mambo ya mapenzi maliza nyumbani. Gari iko nakwenda." Emery akamwambia kwa adabu, si mapenzi, sebo. Alisema haraka mno, kwa maoni yangu.

Mzee akaweka mguu mmoja ndani ya taksi.

Hapo nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi, na haikuwa nzuri, ilikuwa kama ya mbuzi. Nikasema ni mimi. Orodha zote mbili ni mimi. Ni mchezo wa jiografia wa mkutano wa Biharwe, hakuna lori. Muhuri ni wa kweli lakini ni wa shule, una kitabu katikati, wa ofisi hauna kitabu. Emery nilimpa Burundi kwa sababu alikicheka kitabu changu. Alitaka Kanada. Nilipokwisha kuanza sikuweza kuacha. Nikaeleza mpaka habari za Zimbabwe na kengele, na kuku wa bibi Ancilla, na Japani. Abiria walichungulia madirishani. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akaomba nirudie ile ya mama mkwe.

Mzee Aloys alibaki vile, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Kisha akauliza, taratibu, kama anayetaka kuelewa hesabu. Yaani ulitaka kumwadhibu mwanangu. Ukazitazama nchi zote za dunia, ukitafuta iliyo adhabu. Ukaona Burundi?

Nimesoma vitabu vingi. Nilitazama gunia la mihogo.

Akashusha mguu. Akamwambia Emery ateremshe turubai. Konda akasema hajawahi kupotezewa asubuhi namna hii, ila hadithi ni nzuri, na akaondoka. Gunia la mihogo nilibebeshwa mimi, mpaka nyumbani kwao.

Jumatano, 16 Julai

Mwalimu Rwakabuba amerudi. Amesoma orodha zote mbili pale ubaoni. Akavua miwani, akaivaa, akaivua tena. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha askari, "Wewe mutoto, mimi nilisema soma kwa darasa. Kwa nini wewe nasomea kambi yote?"

Saa sita akanisimamisha bombani, nikasema tena mbele ya watu zaidi ya mia. Emery alitafsiri kwa Kirundi. Nashuku aliongeza mambo, kwa sababu watu walicheka mahali ambapo sikuwa nimesema kitu cha kuchekesha. Wengine hawakucheka. Waliondoka mmoja mmoja, na jerikani zao zikabaki pale zimejaa.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akawageukia akina mama wa kanisani akawaambia maombi yamejibiwa, hatuendi Burundi wala Zimbabwe. Nyumbani hakusema hivyo. Yaliyosemwa nyumbani hayahitaji kuandikwa.

Bibi Ancilla aliuliza swali moja: Norwe yenyewe ni ya kweli? Nikasema ipo. Akasema basi sweta hairudi. Kuku wamerudi watatu. Wa nne alikuwa ameshaliwa kwenye karamu ya kumuaga.

Nimeondolewa ukatibu. Nimeondolewa kwenye wajumbe kabla mkutano wa darasa haujafanyika. Jumamosi nitapanda upya mihogo ya mzee Aloys. Muhuri umefungiwa kabatini, na ufunguo anakaa nao mwalimu. Nimemuuliza kama kusema mbele ya watu mia hakuwezi kuhesabiwa kuwa hotuba ya dakika tano. Ameniambia niende.

Jumamosi, 19 Julai

Wajumbe ni Emery na Élyse. Élyse! Nasikia alisimama akauliza kwa niaba ya Norwe maswali yote ya bibi yake, mwalimu akayaita ya kina.

Wao wako Biharwe na atlasi. Mimi niko na jembe. Ardhi imekauka, si wakati wa kupanda, kwa hiyo kila kipande kinataka maji na maji yako bombani. Nimepita mbele ya ubao ule mara kumi na nne. Mara zote kuna mtu aliyenisalimia, "Ofisi, habari?"

Mzee Aloys anakata vijiti vya mihogo, mimi nachomeka kwa mshazari. Kufikia saa sita tulikuwa tumemaliza mistari minne. Kisha akauliza, huko Zimbabwe wanapanda nini? Nikamweleza, naye akasikiliza kila neno. Nilipomaliza akaanza yeye. Kilima cha kwao, migomba mpaka ukingo wa mto, jinsi ukungu unavyopanda asubuhi na watu wanaitana bila kuonana, majina ya waliokuwa wakiitana. Alisema muda mrefu akiwa amechuchumaa, kisu mkononi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililomo kwenye kitabu changu.

Mikono yangu ilikuwa na udongo na sikuwa na kalamu. Hasara kubwa.

Wakati wa kuondoka akanipa mihogo michanga mitatu. Haifai kupikwa, lakini nimeshukuru.

Jumapili, 20 Julai

Wameshinda.

Mwalimu alimrudishia Emery Burundi, akavunja sharti lake mwenyewe. Emery hakusema habari za bei wala hali ya hewa. Alisimulia mtu mmoja aliyeng'oa mihogo isiyokomaa kwa sababu ya karatasi. Nasikia ukumbi mzima ulisimama, wanafunzi wa Mbarara na walimu wao, wakapiga makofi. Ni habari yangu toka mwanzo hadi mwisho, na jina langu halikutajwa hata mara moja. Emery anasema hiyo ndiyo zawadi aliyonipa. Sioni zawadi iko wapi.

Nimemuuliza kuhusu atlasi. Amesema ni kubwa kweli, Élyse aliipanda ili aone nje ya dirisha. Nimemwambia asiendelee.

Amenirudishia kitabu changu. Amekishonea jalada. Amelitengeneza kwa orodha yangu ya kwanza, maua upande wa nje, MAJINA NA NCHI katikati. Amelishona juu chini.

Jumatatu, 21 Julai

Mwalimu ametoa kazi mpya. Kila mwanafunzi achunguze kwa nini watu huhama. Afanye kwa uangalifu, amesema, akanitazama mimi peke yangu.

Nimekaa chini na kulichambua kosa la mara ya kwanza. Kosa lilikuwa ubao. Ubao hauelezi kitu, unawaacha watu peke yao na karatasi. Mtafiti wa kweli huenda nyumba kwa nyumba na kuwatazama watu machoni. Na koo langu sasa linafunguka, angalau kwa mtu mmoja mmoja.

Kwa hiyo safari hii hakuna orodha. Ni fomu tu. Nimepiga mistari arobaini kwa rula. Jina la mkuu wa familia. Idadi ya watu. Mwaka wa kufika. Nchi ambayo mngependa kuishi. Mnaweza kuwa tayari kuondoka baada ya siku ngapi. Uzito wa mizigo. Nafasi ya picha nimeiacha pembeni, endapo mtu atakuwa nayo. Nimeazima kizibao cha buluu chenye mistari inayong'aa, kama cha watu wa ofisi, ili watu wasidhani ni mchezo wa watoto. Kesho baada ya masomo naanza na bibi Ancilla, ambaye hujibu vizuri.

Kabati la muhuri bado limefungwa. Lakini muhogo mchanga wa mzee Aloys, ukikatwa sawasawa, unashika wino. Nimechonga kitabu katikati na maua kuzunguka. Nimeujaribu hapa chini ya ukurasa. Unatoka vizuri kuliko ule wa kweli.